Kicheko Kizimbani

Watu wengi wakiuona msiba mmoja aghalabu huhuzunika kwa namna moja. Lakini wakiliona jambo moja la kuchekesha, mara hugawanyika: huyu hucheka mpaka machozi yakamtoka, yule hukunja uso, na wa tatu huuliza ni nini kilichowachekesha wenzake. Kwa sababu hii kuupima mchezo wa kuchekesha ni kazi ngumu kuliko kuipima hadithi ya huzuni. Aliyecheka hudhani amekwisha kushinda kwa kicheko chake, na asiyecheka hudhani amekwisha kushinda kwa kununa kwake. Lakini kicheko si hoja, wala kununa si hoja. Insha hii yataka kuitafuta hoja yenyewe, kwa kuuchungua mchezo mmoja ujulikanao Kenya nzima, nao ni Vioja Mahakamani.

Kwanza na tulitazame jina. Kioja ni jambo la ajabu, jambo lililotoka katika mazoea, ambalo mpita njia akiliona husimama kulitazama. Mahakama ni mahali pa utaratibu, ambapo kila neno lina zamu yake na kila mtu ana nafasi yake. Aliyeyaunga maneno haya mawili alikwisha kutuambia tabia ya mchezo wote: ajabu imeingia mahali pasipotazamiwa ajabu. Mtu apendaye michezo iendayo sawasawa, ambayo mwema ni mwema na mwovu ni mwovu tangu mwanzo, hatafurahi hapa. Apendaye kuona utaratibu ukijaribiwa na upotovu wa watu atakaa mpaka mwisho.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Mwaka 1964 shirika lililoiendesha liligeuzwa kuwa idara ya serikali na kuitwa Sauti ya Kenya. Na mwaka 1989 jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC, likarudi. Chini ya majina hayo televisheni ya taifa ililea michezo ya kuchekesha ya Kiswahili ambayo watu wazima wa leo waliitazama walipokuwa watoto. Vitimbi ulikuwa mchezo wa nyumbani na mtaani. Vioja Mahakamani ulikuwa, kama jina lake lisemavyo, mchezo wa kortini.

Mandhari yake ni machache. Hakimu ameketi juu. Mbele yake yuko kiongozi wa mashtaka. Pembeni pana askari. Na katikati pana kizimba. Mshtakiwa huletwa, husomewa shtaka, naye hukana. Mashahidi huitwa. Mshtakiwa huwauliza maswali kwa kinywa chake mwenyewe, maana mara nyingi hana wakili. Mwisho hakimu hutoa hukumu. Baadhi ya washtakiwa wake, kama Ondiek Nyuka Kwota, Makokha na Olexander Josphat, wamekuwa na sifa kuliko watu wengi walio hai. Gibson Gathu Mbugua, aliyeigiza kiongozi wa mashtaka kwa miaka mingi, alifariki mwaka 2022, na waliomlilia hawakuwa jamaa zake tu.

Sasa tuje kwa watazamaji. Hapa mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Embu mjini, kuvuka mto Thuci, kupita Chuka na Nkubu hata kufika Meru na vilima vya Nyambene, mchezo huu una marafiki na una adui. Marafiki wasema kwamba huwaleta pamoja watu wa makabila yote katika chumba kimoja na kuwafanya wasemezane kwa Kiswahili. Wasema tena kwamba mtu asiyepata kuingia kortini hujifunza hapo maneno ya sheria: mshtakiwa, shahidi, dhamana, kielelezo, rufani. Adui nao wana mashtaka mawili. La kwanza, kwamba mchezo waivunjia mahakama heshima. La pili, kwamba wawacheka watu kwa sababu ya matamshi yao. Yafaa kila shtaka lisikizwe kwa zamu yake, kama ifanyikavyo mahakamani.

Shtaka la kwanza lina uzito katika nchi hii yetu. Kabla ya korti za kikoloni, Wameru walikuwa na Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru, ambalo liliamua mashauri na kulinda desturi. Na Waembu walikuwa na kiama cha wazee wao. Mahali kama hapo mtu hakwenda kwa mchezo. Kiapo kilikuwa kiapo, na uongo ulikuwa na gharama yake. Hata leo, mtu aliyekwenda Meru au Embu miaka mingi kwa kesi ya mpaka wa shamba hawezi kupendezwa kwa urahisi na korti ya kuchekesha. Kwake kizimba ni mahali alipoacha mali na usingizi wake.

Lakini mtazame tena huyo hakimu wa Vioja Mahakamani. Je, yeye ndiye anayechekwa? La. Hakimu hapayuki, haongwi, wala hapumbazwi. Husikiliza, huonya, huandika, na mwisho huamua. Kama hakimu naye angekuwa mzaha, mchezo wote ungeanguka, kwa sababu pasipo utaratibu hapawezi kuwa na kioja. Kicheko chazaliwa katika pengo lililopo baina ya utulivu wa juu na fujo ya chini. Mshtakiwa hujaribu kuipinda sheria kwa ulimi wake, nayo sheria haipindiki. Basi mchezo huu hauivunji heshima ya mahakama. Waitegemea, kama mwangwi utegemeavyo mlima.

Walakini shtaka hili lina mwenzake ambaye adui wa mchezo hawamtaji sana, naye ni mzito zaidi. Katika mchezo huu mara nyingi mtazamaji humjua mwenye hatia tangu mtu huyo anapoingia kizimbani. Akikana, twacheka, kwa kuwa twajua kwamba asema uongo. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, yasema kwamba mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe kinyume chake. Mtu aliyetazama vipindi mia moja vya korti ambamo karibu kila mshtakiwa ni mwongo, aweza kuizoea fikira kwamba kuletwa kizimbani ndiko kuwa na hatia. Hiyo ndiyo kasoro ya kweli, tena ni kubwa kuliko kelele za washtakiwa. Mwanafunzi autazamaye mchezo huu yampasa kukumbuka kwamba maneno ya sheria aweza kuyaokota hapo, lakini sheria yenyewe aitafute katika Katiba.

Sasa shtaka la pili, ambalo ndilo liwagawanyalo watazamaji hasa. Katika mchezo huu, na katika mingine ya namna yake, kila mtu huja na Kiswahili cha nyumbani kwake. Huyu huongeza sauti ambayo Kiswahili hakina, yule hupunguza sauti ambayo Kiswahili kinayo, na watu hucheka. Wengine wasema kwamba hicho ni kioo cha nchi, na kioo hakina kosa. Wengine wasema kwamba ni dharau.

Kabla ya kuamua, tujue kwanza matamshi ni nini. Neno kulima la Kiswahili, kwa Kimeru na kwa Kiembu ni kurima. Mtoto aliyekua akisema kurima, akija kusema Kiswahili huenda akaitia r mahali pa l bila kukusudia. Hakufanya hivyo kwa ujinga. Amefuata sheria ya lugha yake, na lugha yake ni kamili kama lugha nyingine yoyote. Mzaliwa wa Lamu akijifunza Kimeru, yeye naye atakosea, na watoto wa Imenti watamcheka. Tena hatuhitaji kwenda mbali hata Lamu. Mtu wa Igembe humtambua mtu wa Imenti kwa maneno machache, na mtu wa Mbeere na mtu wa Embu hutambuana vivyo hivyo. Mizaha ya matamshi tunayo nyumbani kabla televisheni haijawashwa. Wahenga walisema kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika. Na katika jambo la matamshi sisi sote ni vilema mara tutokapo kwetu.

Yafaa pia kukumbuka jinsi sheria ya kweli imtendeavyo mtu asiyejua lugha ya korti. Ibara ile ile ya 50 yampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo, ikiwa haifahamu lugha itumiwayo katika kesi yake. Sheria, basi, haimcheki mtu kwa lugha yake, humletea msaidizi. Mchezo wa kuchekesha haufungwi na sheria hiyo, lakini waweza kupimwa kwayo: je, humsaidia asemaye asikike, au humzuia?

Ili kupima hivyo, nampa msomaji kipimo kimoja, nacho ni rahisi. Yachukue maneno ya mchekeshaji, uyaandike upya kwa Kiswahili sanifu, kila sauti mahali pake. Kisha uyasome. Kama kicheko kimebaki, palikuwa na mzaha wa akili, na matamshi yalikuwa nguo yake tu. Kama kicheko kimetoweka, hapakuwa na kitu ila kumcheka mtu kwa alivyozaliwa.

Tufanye mfano wa kubuni. Mshtakiwa ameletwa kwa sababu mbuzi wake wameingia katika shamba la jirani na kula mahindi. Aulizwa kwa nini hakuwazuia. Ajibu: «Mheshimiwa, mbuzi wangu hawaujui mpaka. Mimi na jirani yangu ni watu, nasi tuna miaka kumi na miwili katika korti hii hii tukiutafuta.» Maneno hayo yameandikwa kwa Kiswahili safi, na kicheko hakikupungua. Zaidi ya hayo, kicheko kimemgusa kila mmoja: mshtakiwa mvivu, jirani mgomvi, na korti iliyokawia. Mtu yule ni mwenye makosa, lakini ametuonyesha jambo ambalo wenye haki hawakulisema. Hapo ndipo Vioja Mahakamani hupanda juu. Sasa mfikirie mshtakiwa mwingine ambaye husema tu, «Mimi sikuiba,» kwa sauti iliyopindwa, na watu wakaanguka kwa kicheko. Yaandike maneno hayo sawasawa: ni watu gani watakaocheka?

Kipimo hiki si cha Kenya peke yake. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi. Humo pia mna korti, na humo pia mna mtu anayechekwa, naye ni Shylock, Myahudi mkopesha fedha. Tangu mchezo huo utungwe, mwishoni mwa karne ya 16, watu hawajaacha kubishana kama wawadhihaki Wayahudi au wawatetea. Ubishi huo umedumu kwa sababu Shakespeare alimpa Shylock maneno ya kujitetea kama binadamu. Angempa sauti ya kuchekesha tu, mchezo ungekuwa umekwisha sahauliwa zamani, au ungekumbukwa kwa aibu.

Hata Ulaya ya juzi ina mfano wake. Kuanzia mwaka 1995 hata 1998 televisheni ya Uingereza iitwayo Channel 4 ilionyesha mchezo wa Father Ted, habari za mapadre watatu wa Ireland walioishi katika kisiwa cha kubuni, ambamo mambo yote huenda kombo. Wako walioona kwamba mchezo huo wafufua ile picha ya kale ya Mwairishi mpumbavu, iliyowapendeza Waingereza kwa muda mrefu. Wako walioona kwamba ni Waairishi wanaojicheka wenyewe kwa uhuru, maana watungaji wake, Graham Linehan na Arthur Mathews, wote wawili ni wa Ireland. Tangu mwaka 2007 wapenzi wa mchezo huo wamekuwa wakikutana kuukumbuka katika kisiwa cha Inishmore, upande wa magharibi wa nchi ile. Waliopendezwa wasema kwamba mapadre wale hawachekeshi kwa matamshi yao. Wachekesha kwa tamaa, woga na uvivu wao, mambo ambayo kila taifa linayo.

Turudi kwetu. Katika Vitimbi, Mzee Ojwang' alikuwa mzee wa Kijaluo mwenye Kiswahili cha pekee. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, hakuwa Mjaluo kwa kuzaliwa. Angeweza kuwaudhi wenye lugha ile, lakini alipofariki mwezi wa Julai mwaka 2015 nchi nzima ilimlilia. Kwa nini? Kwa sababu Ojwang' alikuwa mtu mzima. Alikuwa na mke, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Alikuwa na majirani, hila, hasira na huruma. Matamshi yake yalikuwa mlango wa nyumba yenye vyumba vingi. Mgeni aliyeingia kwa kucheka mlangoni alikaribishwa ndani, akamkuta binadamu.

Hapa ndipo malalamiko ya watazamaji wa Meru na Embu yanapokuwa ya haki. Katika vichekesho vya nchi yetu Mmeru aghalabu huletwa kama mtu wa hasira za ghafula, mwenye miraa shavuni na panga karibu. Mwembu mara nyingi haletwi kabisa. Picha moja tu ya watu wengi ni dhuluma, hata kama picha hiyo yachekesha. Wameru wamo walimu, wakulima wa chai na kahawa, waganga, makarani, wacha Mungu na walaghai. Wamo wapole na wakali. Mchekeshaji amleteaye mtazamaji mkali peke yake, tena siku zote, hakutazama kwa bidii. Amekopa picha iliyokwisha kuchorwa na wengine, naye hulipwa kwa kazi asiyoifanya. Kosa hili ni la sanaa kabla halijawa la adabu. Tusiseme tu kwamba mzaha wa namna hii ni mbaya kwa kuwa wakera. Tuseme kwamba wakera kwa kuwa ni mvivu.

Nanyi wanafunzi msidhani kwamba jambo hili ni dogo. Ibara ya 7 ya Katiba yakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Maana yake ni kwamba kila mzaliwa wa Kenya ana haki ya kukisema. Lakini haki hii yaweza kunyang'anywa bila amri ya mtu yeyote. Mfikirie msichana wa kidato cha kwanza aliyetoka Mbeere au Tharaka. Asimama darasani kujibu swali, ajua jibu lake, afungua kinywa, neno la kwanza latoka na sauti ya kwao, darasa lacheka kama lilivyocheka mbele ya televisheni jana. Siku ya pili hasimami. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikusikiwa, na baada ya muda yeye mwenyewe ataacha kulitafuta. Kicheko cha namna hiyo kimetoa hukumu bila kusikiliza kesi.

Je, kwa sababu hiyo tuufunge mchezo wa Vioja Mahakamani? Sioni hivyo. Nauona kuwa mchezo mwema wenye kasoro. Wema wake ni huu: kati ya michezo yetu mingi, huu umejengwa juu ya desturi ya kumpa mchekwa zamu ya kusema. Kizimba, ambacho ni mahali pa aibu, umekifanya jukwaa. Maskini asiye na wakili huuliza maswali yake hapo, na wote, hata hakimu, hulazimika kumsikiliza. Kila mwandishi aitumiapo zamu hiyo kumpa mshtakiwa akili, mchezo hushinda. Kila aipotezapo kwa kumpa matamshi tu, mchezo hushindwa, na wale wanaonuna wana haki ya kununa. Ndiyo maana mtu mmoja aweza kuusifu leo na kuulaumu kesho bila kujipinga.

Basi ukiutazama mchezo huu, au mwingine wowote wa kuchekesha, jiulize maswali matatu. Nani anayechekwa? Anachekwa kwa alilolitenda au kwa alivyozaliwa? Naye amepewa nafasi ya kujibu? Na kama wewe ni mmoja wa wale watungao michezo kwa ajili ya mashindano ya kuigiza ya shule, ambayo Kenya imekuwa nayo tangu mwaka 1959, maswali hayo ni mazuri zaidi yakiulizwa kabla ya kalamu kushika karatasi. Mlete Mmeru jukwaani, mlete na Mwembu, na wakija na sauti ya kwao, waache waje nayo. Lakini uwape jambo la kusema. Mwenye jambo la kusema husikizwa kwa sauti yoyote aliyo nayo, na wamchekao humcheka wakiwa wameketi pamoja naye.